Wiki tano za mofini, miaka kumi ya maumivu

Kuna maumivu ambayo shuka tu linatosha kuyaamsha. Mtu ameishi na kisukari miaka mingi, mchana anajikaza na shughuli zake, usiku ukiingia nyayo zinaanza kuwaka moto. Anatoa miguu nje ya shuka kwa sababu hata uzito wa kitambaa haustahimiliki. Ukimkagua huoni kidonda wala uvimbe. Ukimgusa kidole gumba kwa ncha ya sindano huenda hata asisikie. Ganzi na moto, mahali pamoja, wakati mmoja. Mwingine yamempata baada ya mkanda wa jeshi: malengelenge yamekauka miezi sita iliyopita, ngozi ya ubavuni imetulia, lakini fulana ikimpapasa anaruka kama aliyeshika waya wa umeme.

Haya ndiyo maumivu ya neva, au kama wengi wanavyozoea kusema, maumivu ya mishipa ya fahamu. Yanatokea pale neva zenyewe, uti wa mgongo au ubongo vinapoharibika: kwa kisukari, kwa virusi, kwa kiharusi, kwa ajali, kwa upasuaji, kwa baadhi ya dawa za saratani. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba watu 7 hadi 10 katika kila 100 wana maumivu sugu yenye dalili za namna hii. Panado haifui dafu hapo, wala dawa nyingine za maumivu za kawaida.

Ndipo linakuja swali ambalo mgonjwa aliyekesha wiki nzima ana haki ya kuliuliza: si nipewe tu mofini? Si ndiyo dawa kali kuliko zote?

Jibu lilitegemea sana unamuuliza nani na mwaka gani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wapo wataalamu ambao wangekwambia haisaidii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ungeambiwa inasaidia, na karatasi za kuthibitisha ungeonyeshwa. Leo utaambiwa ipo, lakini isubiri mwisho wa foleni. Nimezisoma hoja za pande zote na sidhani kuna aliyetunga uongo. Walipima vitu tofauti, kwa muda tofauti, wakaviita kwa jina moja: kufanya kazi.

Funguo zile zile, milango imepungua

Tuanze na mwili, kwa sababu bila hapo namba zote za mbele zitaelea hewani.

Mofini ni mtoto wa afyuni, utomvu wa mpopi. Mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner aliitenga mwanzoni mwa karne ya 19. Jamii yake yote, yaani opioidi, ni kubwa: kodeini, oksikodoni, methadoni, fentanili, tramadoli na nyinginezo. Zote zinashika vipokezi vilevile mwilini, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali, na vipokezi hivyo havikuwekwa pale kwa ajili ya mpopi. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakifanya kazi Aberdeen, walieleza kwamba ubongo unajitengenezea kemikali zake zinazofanana kazi na mofini. Wakaziita enkefalini. Mofini inaingia kwa mlango ambao mwili ulijitengenezea wenyewe.

Ukijikata kidole, neva nyembamba zinapeleka habari hadi kwenye uti wa mgongo. Pale kuna kituo cha kwanza: neva ya kidoleni inamwaga kemikali, neva inayofuata inapokea na kuipandisha habari ubongoni. Vipokezi vya opioidi vimejaa hapo, vingi vikiwa kwenye ncha ya neva inayoleta habari. Mofini ikivishika, kemikali inayomwagwa inapungua. Pia inafanya kazi juu zaidi, kwenye shina la ubongo, ambako kuna njia zinazoshuka kuja kuzima kelele za chini. Kwa mfupa uliovunjika au kidonda cha upasuaji, mpango huu unafanya kazi vizuri mno.

Sasa fikiria kwamba kilichovunjika ni neva yenyewe. Katika tafiti nyingi, sehemu kubwa zikiwa za panya, neva ikijeruhiwa vipokezi vya opioidi kwenye ncha yake vinapungua. Funguo ni zile zile, milango imepunguzwa. Wakati huohuo neva inaanza kujirusha yenyewe, inatuma ishara bila kuchomwa na chochote. Uti wa mgongo nao, baada ya kupigiwa kelele usiku na mchana, unakuwa mwepesi kushtuka: ishara ndogo inapokewa kama kubwa. Kemikali zinazopingana na mofini, kama kolesistokinini, zinaongezeka.

Kuna na lile la shuka, ambalo kwangu ndilo la kushangaza kuliko yote. Mguso wa kawaida husafirishwa na neva nene, ambazo hazikuwa na kazi ya kupeleka maumivu na ambazo vipokezi vyake vya opioidi ni vichache. Uti wa mgongo ukishachanganyikiwa, habari inayoletwa na neva hizi nene inasomwa kama moto. Mofini inakwenda kulinda njia ya neva nyembamba, na huku maumivu yanapita njia ya pili.

Hii haimaanishi mofini inakosa pa kushika. Vipokezi vya ndani zaidi, kwenye uti wa mgongo na ubongoni, vipo. Maana yake ni kwamba mlima ni mkali zaidi: dozi iliyomtuliza mtu wa kidonda inaweza isimfikishe popote mtu wa neva.

Ugomvi wa 1988

Mwaka huo watafiti wawili wa Sweden, Staffan Arnér na Björn Meyerson, walichapisha matokeo yaliyowasha moto. Walikuwa wamewapa wagonjwa opioidi kwa mshipa wakilinganisha na plasibo, yaani dawa isiyo na kiini kinachopimwa. Waliokuwa na maumivu ya kawaida ya tishu walipata nafuu. Wa maumivu ya neva hawakupata. Tafsiri ya haraka ikaenea: maumivu ya neva hayasikii mofini.

Upande wa pili ulijibu upesi. Mwaka 1990 Russell Portenoy, Kathleen Foley na mwenzao walisema kwamba tatizo si kutosikia bali kusikia kwa taabu. Ukimpa kila mtu dozi moja ukaondoka, hujajaribu dawa, umejaribu dozi. Pandisha taratibu mpaka maumivu yashuke au madhara yazidi, kisha ndipo useme. Kama hoja ya kisayansi, nadhani walikuwa sahihi. Kilichokuja kufanywa na hoja hiyo baadaye ni habari nyingine, tutaifikia.

Majaribio ya kupandisha dozi yakafuata. Mwaka 1998 oksikodoni ilionyesha nafuu kwa watu wenye maumivu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi. Mwaka 2003 Michael Rowbotham na wenzake waliwapa watu 81 wenye maumivu ya neva vidonge vya levofanoli, opioidi nyingine, kundi moja vikali na jingine hafifu. Baada ya wiki nane, waliopewa vikali walipungukiwa na maumivu kwa asilimia 36, wa vile hafifu asilimia 21. Hiyo ni tofauti halisi. Lakini rudia kuisoma: hata kundi lililofaulu lilibaki na karibu theluthi mbili ya maumivu yake.

Jaribio moja, karibu karibu

Utafiti ninaoupenda kwa kueleza jambo hili ni wa Ian Gilron na wenzake wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2005 katika New England Journal of Medicine. Wagonjwa walikuwa 57: 35 wa kisukari, 22 wa mkanda wa jeshi. Kila mmoja alipangiwa kupitia hatua nne, wiki tano tano. Hatua moja mofini peke yake. Nyingine gabapentini, dawa ya kifafa inayotuliza neva. Nyingine zote mbili pamoja. Nyingine plasibo.

Plasibo yenyewe ilitengenezwa kwa akili. Mofini ina usingizi wake, na mgonjwa akijisikia mzito tu anajua leo nimepewa yenyewe, na matumaini yanaanza kufanya kazi ya dawa. Kwa hiyo badala ya unga mtupu walitumia dozi ndogo ya lorazepamu, dawa ya usingizi isiyotuliza maumivu ya neva, ili hata wa plasibo apate kausingizi. Ni tafiti chache mno zinazojisumbua hivyo.

Maumivu yalipimwa kwa kipimo cha 0 hadi 10. Kabla ya dawa yoyote, wastani ulikuwa 5.72. Kwa plasibo ulishuka hadi 4.49. Kwa gabapentini 4.15. Kwa mofini 3.70. Kwa zote mbili 3.06.

Kaa na namba hizo kidogo. Mofini iliyashusha maumivu kwa pointi mbili hivi. Mgonjwa anayetoka karibu sita kwenda chini ya nne anausikia mpunguo huo, na ukimuuliza atakwambia dawa inafanya kazi. Lakini katika pointi hizo mbili, moja na ushee ilishuka hata kwa kidonge kisicho na mofini. Sehemu ambayo ni ya mofini yenyewe ni 0.79. Daktari aliyeona wagonjwa wake wakipata nafuu hakuota, na mtafiti anayesema nafuu ya dawa ni ndogo hakukosea hesabu. Mmoja anaangalia pointi mbili, mwenzake anaangalia 0.79.

Na hiyo 0.79 hakuna mtu aliyeipata. Ni wastani, unaochanganya walioshuka sana na wasioshuka hata kidogo. Katika dawa za maumivu hali huwa hivyo: wachache wananufaika vizuri, wengi wanapata kidogo au hawapati kitu, na mpaka leo hakuna kipimo cha damu au picha kinachoweza kukwambia mapema utakuwa upande gani. Inabidi ujaribiwe.

Jambo la mwisho katika utafiti ule: kati ya 57 walioanza, 41 ndio waliomaliza. Na kila hatua ilidumu wiki tano. Mtu wa nyayo zinazowaka anaweza kukaa nazo miaka kumi.

Namba nzuri, kiti cha nyuma

Mwaka 2013 Ewan McNicol na wenzake walikusanya majaribio 31 ya opioidi kwa maumivu ya neva, kwa ajili ya shirika la mapitio la Cochrane. Yale yaliyodumu chini ya siku moja yalipingana yenyewe kwa yenyewe. Yale ya wiki kadhaa yalielekea upande mmoja: katika kila watu 100 waliopewa opioidi, 47 walipungukiwa na nusu ya maumivu au zaidi, katika 100 wa plasibo, 30. Toa 30 kwenye 47, unabaki na 17. Yaani inabidi utibu watu sita hivi ili mmoja apate nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa plasibo. Wengine watano ama wangepata nafuu vyovyote vile, ama hawakuipata.

Hesabu hii ya “watu wangapi kwa mmoja” ndiyo sarafu ya mijadala ya maumivu, na ndogo ndiyo nzuri. Miaka miwili baadaye, mwaka 2015, Nanna Finnerup na jopo la kimataifa walipanga dawa zote za maumivu ya neva kwa sarafu hiyo katika Lancet Neurology. Dawa za jamii ya amitriptilini, ambazo ni za zamani na zilianza kama dawa za sonona, zilipata 3.6. Opioidi kali 4.3. Tramadoli 4.7. Gabapentini ya kawaida na ya kutolewa polepole kwa pamoja 7.2. Pregabalini 7.7.

Mtu yeyote akiangalia orodha hiyo ataona opioidi kali zimeishinda gabapentini kwa mbali. Halafu jopo lilelile, katika karatasi ileile, likaweka gabapentini na pregabalini mstari wa kwanza pamoja na amitriptilini, tramadoli mstari wa pili, na opioidi kali mstari wa tatu. Mwenye namba nzuri amepewa kiti cha nyuma. Kama umewahi kubishana na mtu juu ya dawa hizi, mara nyingi ubishi umeanzia hapa: mmoja ameshika ile 4.3, mwingine ameshika neno “tatu”.

Sababu ya kwanza iko ndani ya namba yenyewe. Majaribio mengi ya opioidi yalikuwa madogo, na madogo hupenda kutia chumvi bila kukusudia. Kisha kuna suala la walioacha njiani. Tuseme mgonjwa wiki ya pili maumivu yameshuka hadi tatu, lakini anatapika na amekosa choo siku tano, anaamua kuacha. Katika majaribio mengi, namba yake ya mwisho, ile tatu, inabebwa mpaka mwisho wa utafiti kana kwamba bado anameza dawa na bado ana nafuu. Kwenye jedwali ni mtu aliyefanikiwa. Nyumbani kwake ni mtu aliyeitupa dawa. Nafuu ambayo mtu hawezi kuivumilia sijui kwa nini ihesabiwe nafuu, na kwa opioidi, ambazo wengi huziacha kwa sababu ya madhara, mtindo huu unazipendelea kuliko dawa nyingine. Cochrane wenyewe walitahadharisha kwamba udogo wa tafiti, ufupi wake na walioacha vinaweza kuwa vimeikuza nafuu.

Majaribio mengine, hasa ya dawa mpya kama tapentadoli, yalianza kwa kumpa kila mtu dawa, wasioiweza wakaondolewa, ndipo waliobaki wakagawanywa makundi. Hiyo inajibu swali halali, yaani anayeiweza dawa akiachishwa atakuwaje, lakini si swali la mgonjwa anayeingia mlangoni leo.

Sababu ya pili ni saa ya ukutani. Mengi ya majaribio haya hayakuzidi wiki 12. Tunachokijua vizuri ni robo mwaka ya kwanza. Jaribio kubwa lililothubutu kufika mwaka mzima halikuwa la neva: mwaka 2018 Erin Krebs na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti, nusu wakipewa opioidi na nusu dawa nyingine. Baada ya miezi 12 uwezo wao wa kufanya shughuli ulikuwa sawa, na maumivu yalikuwa juu kidogo kwa waliotumia opioidi, 4.0 dhidi ya 3.5. Siuchukui kama hukumu kwa watu wa mkanda wa jeshi, maana maumivu yao ni mengine. Lakini anayedai kwamba nafuu ya wiki ya tano itakuwepo mwezi wa kumi na mbili, ni juu yake kuleta ushahidi, na hajauleta.

Nini kinaweza kutokea katikati? Mwili unazoea. Dozi iliyotosha haitoshi, inapandishwa, inazoeleka tena. Kwa baadhi ya watu hutokea kinyume kabisa: opioidi yenyewe inazifanya neva ziwe nyepesi zaidi kuumia. Halafu kuna arosto, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu amemeza dozi saa mbili usiku, saa kumi alfajiri anaamka miguu inawaka, anatoka jasho, hatulii kitandani. Anameza nyingine, nusu saa anatulia. Anahitimisha, kwa haki kabisa, kwamba dawa inatibu miguu yake. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba sehemu ya kilichomwamsha ni mwili unaodai dozi, na kidonge kimelipa deni ambalo kidonge kilichotangulia kilikopa. Moto wa neva na moto wa arosto haviji na majina yamebandikwa juu.

Mgonjwa wa neva si mgonjwa yeyote

Madhara ya opioidi yanajulikana, sitayaorodhesha yote. Ninachoona hakisemwi vya kutosha ni jinsi yanavyokutana na mwili ambao tayari una neva mbovu.

Chukua yule wa kisukari. Neva za tumbo lake huenda nazo zimedhurika, chakula kinakaa tumboni kuliko kawaida. Opioidi zinapunguza mwendo wa tumbo na utumbo zaidi, na kukosa choo ni dhara ambalo mwili haulizoei hata ukitumia miaka. Figo zake huenda zimechoka. Mabaki ya mofini yanayotakiwa kutoka kwa mkojo yanajikusanya, na dozi ya jana inaongezwa juu ya dozi ya leo. Nyayo zina ganzi, haoni vizuri gizani, na sasa kichwa kina usingizi: safari ya chooni saa nane usiku inaweza kuishia na nyonga iliyovunjika. Tramadoli kwa upande wake inaweza kushusha sukari ya damu.

Tramadoli inahitaji neno lake kwa sababu watu huiona kama ndugu mpole. Ni opioidi, ila ina kazi ya pili: inaongeza serotonini na noradrenalini, kemikali mbili za ubongo na neva, na njia hiyo ya pili ndiyo pengine inayoifaa neva. Nguvu yake ya kiopioidi hutegemea ini kuigeuza kwanza, na watu wanatofautiana kwa urithi. Mmoja anaigeuza kidogo mno, anasema haifanyi kitu. Mwingine anaigeuza haraka na nyingi, dozi ya kawaida inamlevya. Ikichanganywa na amitriptilini, mchanganyiko unaotokea kirahisi maana zote ni dawa za neva, serotonini inaweza kupanda kupita kiasi, na hatari ya degedege inaongezeka.

Kubwa kuliko yote ni pumzi. Opioidi zinapunguza msukumo wa kupumua, hasa usingizini. Unakumbuka kundi lililofanya vizuri kuliko yote katika utafiti wa 2005, la mofini na gabapentini pamoja? Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba gabapentini na pregabalini zinaweza kuleta shida kubwa ya kupumua, na ikataja kuzitumia pamoja na opioidi miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari, pamoja na uzee na ugonjwa wa mapafu. Mchanganyiko uliotuliza zaidi ndio unaotaka uangalizi zaidi. Nyongeza ya pombe au vidonge vya usingizi hapo ni mchezo wa kufa. Naloksoni, dawa inayozing'oa opioidi kwenye vipokezi vyake, humrudishia mtu pumzi ikiwahi.

Barua ya sentensi tano

Kuhusu uraibu, historia ya Marekani haikwepeki. Mwaka 1980 jarida lile lile la New England lilichapa barua fupi ya Jane Porter na Hershel Jick, sentensi tano. Walihesabu wagonjwa 11,882 waliopewa opioidi hospitalini na kukuta wanne tu walioingia kwenye uraibu wa wazi bila kuwa na historia hiyo. Walikuwa watu waliolazwa, chini ya macho ya wauguzi. Hakuna mahali barua iliposema chochote juu ya mtu anayekwenda nyumbani na vidonge vya miezi. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walifuatilia safari yake: ilikuwa imenukuliwa mara 608, na karibu robo tatu ya nukuu hizo ziliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1996, OxyContin, vidonge vya oksikodoni vya kutolewa polepole, iliingia sokoni. Mwaka 2007 kampuni yenye uhusiano na watengenezaji wake ilikiri mahakamani kosa la kuitangaza kwa udanganyifu kuhusu hatari ya uraibu.

Mapitio ya mwaka 2015 yalikadiria kwamba kati ya watu wenye maumivu sugu wanaopewa opioidi, asilimia 8 hadi 12 kwa wastani huingia kwenye uraibu. Namba hiyo inasomeka pande mbili. Watu tisa katika kumi hawaingii, kwa hiyo kumtazama kila anayeumwa kama mraibu mtarajiwa ni ukatili. Lakini mmoja katika kumi, kwa dawa ambayo inamnufaisha sana mmoja katika sita, ni bei ambayo mtu anapaswa kuambiwa kabla ya kulipa.

Inapotumika, inatumikaje

Miongozo haikuifuta mofini. Ule wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema isianzishwe kwa maumivu ya neva nje ya huduma za wabobezi, na tramadoli itumike tu kwa dharura ya muda mfupi. Dharura hizo zipo: amitriptilini na gabapentini huchukua wiki kadhaa kupandishwa na kuonyesha kazi, na mtu hawezi kuambiwa akeshe mwezi mzima akisubiri. Mgonjwa wa saratani iliyobana neva naye yuko kwenye hesabu nyingine kabisa. Na wapo waliojaribu kila kitu, kwa dozi kamili na kwa muda wa kutosha, wasipate usingizi, ambao kwao opioidi ndiyo iliyobaki.

Kwa hao, tofauti kati ya jaribio na mazoea ni tarehe. Daktari anaanza na dozi ndogo, wanaandikiana kitu kinachoonekana, kwa mfano kulala saa tano mfululizo au kutembea hadi barabarani na kurudi, na siku ya kukutana tena inawekwa ndani ya wiki chache. Kitu hicho kikifikiwa, wanaendelea na dozi ileile, maana kupandisha juu hakulipi kwa kiwango kilekile: mwongozo wa mwaka 2022 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unaonya kwamba kupita kiasi kinacholingana na miligramu 50 za mofini kwa siku, faida inayoongezeka ni ndogo na hatari inaendelea kupanda. Kisipofikiwa, dawa inashushwa na kuondolewa kabla mwili haujafunga nayo ndoa.

Aliyekwisha kuitumia miaka asiitupe ghafla baada ya kusoma makala kama hii. Aprili 2019 FDA ilionya juu ya watu waliokatiwa dozi kwa ghafla wakaishia kwenye arosto kali, dhiki ya akili, hata kujiua. Kwa waliotumia mwaka au zaidi, CDC inapendekeza kupunguza asilimia 10 kwa mwezi au taratibu zaidi, pamoja na daktari, na kusimama pale mgonjwa anapohitaji kusimama. Mapitio ya tafiti za upunguzaji yaliyotoka mwaka 2017, ambayo waandishi wake walikiri kwamba ushahidi wake ni dhaifu, yalikuta kitu ambacho wengi hawakukitarajia: kwa watu wengi waliopunguza kwa hiari na kwa msaada, maumivu hayakupanda, na kwa baadhi yalishuka.